Maswali ya Wasomaji: Sufuria Mbili Jikoni kwa Nonna

Toleo lililopita nilitaja kwa mstari mmoja tu kwamba nilikulia Bari, kusini mwa Italia, na kwamba Jumapili jikoni kwa bibi yangu kulikuwa na sufuria mbili za mchuzi ule ule mmoja. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka mhariri ananitazama kwa jicho la pembeni. Basi mwezi huu maswali ya samli iliyovunda na madoa ya manjano yangoje.

Kwa wasionijua: Baba alikuwa fundi wa mitambo melini, mwenyeji wa Bari. Meli yake ilikwama bandarini Kilindini, Mombasa, wiki kadhaa ikingoja kipuri, na kipuri kilipofika yeye alikuwa ameshasilimu na ameshapeleka posa kwa kina mama yangu, Kibokoni. Mwaka 1969, nikiwa na miaka sita, tukahamia kwao Baba, Bari. Tulirudi Mombasa 1978. Miaka hiyo tisa, kila Jumapili tulikula kwa mama yake. Nilimwita Nonna, ndiyo bibi kwa Kiitaliano, na hapa nitamwita hivyo hivyo kwa kuwa sikuwahi kumwita vingine.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Umetuachia njiani. Sufuria mbili za nini, na mchuzi ni mmoja? (Mama wa watatu, Tanga)

Marahaba mwanangu. Bari Jumapili ni siku ya brasciole. Ni vipande vya nyama vilivyopasuliwa vyembamba kama kiganja. Juu ya kila kimoja unatia jibini ya kondoo iliyokwaruzwa, kitunguu saumu, majani mabichi yanayofanana na dania ila hayana harufu yake, na kijipande cha mafuta ya nguruwe. Unakunja kama unavyokunja mkeka, unachoma kijiti cha meno kisifunguke, unakaanga, halafu unamwagia nyanya na kuacha vichemke taratibu tangu watu wakiwa kanisani mpaka saa saba mchana. Na nyama yenyewe, kwa desturi ya kule, ni ya farasi.

Sasa mtie mama yangu hapo. Binti wa Kibokoni, Jumapili ya kwanza ukweni, hajui neno la Kiitaliano zaidi ya salamu, anawekewa sahani ya farasi aliyefungwa na mafuta ya nguruwe. Baba alikuwa amemweleza mamake kwa barua, lakini barua ni barua. Mama alitabasamu, akashika tumbo kuonyesha ameshiba, akala mkate na zeituni na chungwa moja. Nonna hakusema kitu. Nakumbuka alikuwa amekaa pembeni ya jiko, aproni bado kiunoni, anatazama ule mkate.

Katikati ya wiki alimtuma Baba kwa mjomba wake aliyefuga kondoo juu kwenye nyanda za Murge. Baba alichinja mwenyewe, kwa mkono wake, akarudi na paja limefungwa kwenye shuka. Jumapili iliyofuata palikuwa na sufuria ndogo ya alumini pembeni ya ile kubwa, mpya, imetoka sokoni. Kwenye mkono wa sufuria hiyo ndogo Nonna alifunga uzi mwekundu, na kwenye mwiko wake wa mbao uzi mwekundu vilevile, ili mtu asije akachanganya. Vya sufuria kubwa vilichomwa kijiti. Vya Mama alivifunga kwa uzi mweupe wa kushonea, kimoja kimoja, na kila fundo alilikata kwa meno.

Sidhani kama aliwahi kuelewa vizuri Uislamu ni kitu gani. Alichoelewa ni kwamba mkwe wake amekula mkate mtupu mezani kwake, na kwa hesabu yake aibu ile ilikuwa ya mwenye nyumba.

Tatizo lilikuja baadaye. Kondoo wa Murge anakula majani yenye harufu, na mchuzi wake ulikuwa mtamu kuliko ule wa farasi. Baba zangu wadogo wakaanza kupita jikoni na kipande cha mkate, wakichovya kwenye sufuria ya uzi mwekundu kimya kimya. Nonna alikuwa akiwachapa mikono kwa mwiko. Lakini akikushika unachovya, kwanza aliweka chini mwiko wa Mama, akachukua ule mwingine, ndipo akakuchapa.

Ukitaka kuupika hapo Tanga: nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, mwambie muuza nyama aikate nyembamba, nawe uipondeponde. Jibini yoyote kavu inafaa. Nyanya kilo moja zilizoiva hasa, na kijiko cha nyanya ya kopo. Kaanga nyama mpaka ishike rangi ya kahawia pande zote, usiwe na haraka hapo. Ukishatia nyanya, moto uwe ule wa kukaushia wali, si zaidi, saa mbili na nusu au tatu. Mchuzi unaliwa kwanza, kwenye makaroni. Nyama inakuja baadaye peke yake, sahani ya pili. Ukiviweka pamoja hakuna atakayekukamata, lakini Nonna angekuuliza una treni ya kuwahi.

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana ninayeishi peke yangu. Spageti zangu zinashikana kama gundi hata nikitia mafuta kwenye maji. Nakosea wapi? (Nakuru)

Maji machache, mwanangu. Watu wengi tunapika spageti kama tunavyopika ugali, kwa kukadiria maji yatakayokauka. Tia lita moja ya maji kwa kila gramu 100, yachemke kwa fujo, chumvi gramu kumi kwa lita, ambayo ni kama vijiko viwili vya chai visivyojaa sana. Koroga dakika mbili za mwanzo, maana hapo ndipo zinaposhikana. Mafuta yanaelea juu tu, hayakusaidii. Zitoe zikiwa bado na ubishi kidogo katikati unapong'ata, kisha umalizie dakika moja ndani ya mchuzi.

Ila nikupe siri. Mama yangu alizivunja. Ramadhani yetu ya kwanza Bari alinunua spageti, akazivunja vipande vya urefu wa kidole, akazikaanga kwenye samli mpaka zikawa nyekundu, akatia sukari, iliki na zabibu, na kwa kuwa nazi haikupatikana akatia maziwa. Tambi za futari, kama tunavyozijua. Akampelekea Nonna sahani.

Nonna alikula kijiko cha kwanza, cha pili, akamaliza. Akafuta mdomo. Halafu akamuuliza Baba, kwa upole kabisa, "Tamu sana. Na pasta yenyewe iko wapi?"

Watu husema Mwitaliano ukimvunjia spageti mbele yake anazimia. Nonna alikuwa akizivunja mwenyewe, akizifunga ndani ya kitambaa cha sahani na kuzikunja juu ya ukingo wa meza zisiruke, akatutilia sisi watoto kwenye supu tukiwa na homa. Kwa hiyo usitishwe na mtu.

SWALI: Shikamoo. Napika kwenye hoteli hapa Malindi, wageni wetu wengi Wataliano. Orekyete zangu zinatoka kama vifungo vya koti. Nisaidie. (Mpishi)

Marahaba. Orecchiette, yaani masikio madogo. Hapo umenishika pabaya, maana mimi mwenyewe vyangu vilikuwa vifungo mpaka nilipofika miaka tisa.

Kwanza unga. Usitie yai. Yai ni mambo ya kaskazini, Bologna na huko. Kusini ni unga wa ngano ngumu na maji ya uvuguvugu, basi. Kwa gramu 400 za unga ni kama mililita 200 za maji, uyaongeze kidogo kidogo. Ukikosa unga wenyewe wa Kitaliano, chukua suji kwenye maduka ya Wahindi, uisage tena iwe laini, uchanganye na unga wa ngano nusu kwa nusu. Haitakuwa ile ile, ila itashika. Kanda dakika kumi mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio, ukauache upumzike chini ya bakuli.

Sasa mkono. Sukuma kamba nene kama kidole chako cha mwisho, kata vipande vya sentimita moja. Ubao uwe wa mbao isiyopakwa kitu, tena mkavu. Wapishi wengi wa hoteli wanafanyia kwenye marumaru au bati, na hapo kipande kinateleza badala ya kuburutika. Chukua kisu cha mezani kisicho makali, kilaze juu ya kipande, kivute kuelekea kwako huku unakandamiza. Kipande kitajikunja juu ya kisu kama gamba. Kisha unakivisha juu ya kidole gumba kwa kukigeuza, ndani kuwe nje. Ule upande uliokwaruzika kwenye ubao ndio unaokuja juu, na ndio unaoshika mchuzi. Vifungo vyako vinatokea kwa sababu unakandamiza kwa dole tu, huburuti. Natambua kosa hilo hata kwa barua.

Katika mji wa kale wa Bari wako wanawake wanaokaa nje ya milango yao na meza zao, wanatengeneza na kuanika hapo hapo kichochoroni, mikono inakwenda wanasengenya. Shangazi yangu mmoja alikuwa na mkono huo. Nilijaribu kuhesabu anatoa mangapi kwa dakika, nikashindwa kwa kuwa alinitandika kofi: mtoto hahesabu chakula. Nilipomhadithia Mama, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe na kwao Kibokoni ni hivyo hivyo.

SWALI: Huku kwetu Taveta msimu ukifika nyanya zinaoza shambani, bei imeanguka. Hao Wataliano wako walihifadhije? (Mkulima)

Swali la maana kuliko yote, nami nitakaa hapo kidogo.

Agosti, nyanya zikiwa nyingi kama kwenu, kila familia ilikuwa na siku ya mchuzi. Si siku ya mpishi mmoja, ni siku ya ukoo mzima. Mwanga haujatoka, makreti yameshashushwa uani kwa mjomba. Wanaume wanawasha moto chini ya pipa la mafuta lililokatwa na kusafishwa. Wanawake wanaosha nyanya, wanatupa zenye doa, wanazichemsha kidogo mpaka ngozi ipasuke, wanazichuja maji. Halafu zinapitishwa kwenye mashine ya mkono inayotenga ngozi na mbegu upande mmoja, uji mwekundu upande mwingine. Ngozi zinapitishwa tena mara ya pili. Nonna alizipitisha mara ya tatu, na watu wakimcheka.

Chupa zilikuwa za bia. Mama aliziona akashtuka, akaziosha mwenyewe kwa maji ya moto na majivu mara saba, hakuna aliyemzuia. Kazi yetu watoto ilikuwa rehani. Jani moja kila chupa. Unalisukuma kwa kijiti, vidole vinanuka rehani siku tatu. Mpaka leo akipita bibi harusi na kikuba chake cha rehani, wengine wanaona harusi, mimi naona uwanja wa mjomba na pipa.

Sasa sikiliza vizuri, mkulima wangu. Usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili. Funga kizibo kikaze. Panga chupa ndani ya pipa kwa tabaka, katikati ya kila tabaka matambara au magunia makuukuu ili zisigongane. Maji ya baridi yazifunike kabisa. Washa moto. Yakishaanza kuchemka hesabu angalau dakika arobaini. Kisha zima, na usiguse. Chupa zinalala ndani ya pipa mpaka kesho, zipoe na maji yao. Mwaka mmoja baba yangu mdogo aliona uvivu wa kungoja, akachomoa chupa ya moto akaiweka juu ya sakafu yenye maji ya baridi. Ilipasuka ikapaka ukuta mzima, na shati lake, na mbwa. Kovu la mkononi analo.

Ukifungua chupa baadaye ukaona povu, au kizibo kimevimba, au harufu imebadilika, mwaga. Usionje kwanza. Na anza na chupa kumi, usianze na kreti hamsini.

SWALI: Nimesikia watu wa Bari wanakula pweza mbichi. Kweli au uzushi? (Mtoto wa Unguja, Muscat)

Kweli, nimeona kwa macho haya. Kuna gati la wavuvi karibu na mji wa kale, wenyeji wanapaita N-dèrr'a la lanze. Asubuhi wavuvi wanampiga pweza kwenye jiwe, tena na tena, kama wanavyompiga mama zako Unguja. Hadi hapo Mama alikuwa nyumbani kwao. Alisimama akitazama, nikaona bega lake limelegea, kama mtu aliyesikia lugha yake sokoni. Kisha yule mvuvi akamtia pweza kwenye beseni, akamzungushazungusha mpaka mikono ikajikunja kama nywele za kipilipili, akakata mkono mmoja, akautia mdomoni. Mama akanivuta tukaondoka.

Alirudi wiki iliyofuata na ishara zake, akanunua pweza mzima, akampika kwa ndimu na kitunguu saumu. Nazi, mwanangu, ndiyo iliyomliza miaka tisa.

Kipindupindu kiliingia Napoli na Bari mwisho wa Agosti 1973, na lawama zikawaangukia kome. Nilikuwa na miaka kumi. Tulipangwa foleni kuchanjwa, ndimu zikapanda bei, na wauza kome waliokuwa matajiri wa mtaa wakawa wanakaa barazani mikono mitupu. Mama alitembea mwezi mzima na uso wa mtu aliyesema mapema. Nonna aliacha kupika tiella, na hilo ndilo lililoniuma: mchele mbichi, viazi vya mviringo, vitunguu, nyanya na kome kwenye nusu ganda, unapanga tabaka kwa tabaka, unatia maji, unaingiza kwenye tanuri. Mama alikuwa akiiita biriani ya ukweni. Ilirudi mezani mwaka uliofuata, na kome Nonna alinusa mmoja mmoja.

SWALI: Ni kweli jibini haitiwi kwenye samaki? (Kisumu)

Wataliano wataapa hivyo. Lakini kwenye ile tiella ya kome niliyoitaja sasa hivi, Nonna alinyunyiza jibini ya kondoo kila tabaka. Ukimuuliza, anasema hicho si samaki.

SWALI: Shangazi, umepika kwa Nonna miaka yote hiyo, kipi kimekushinda kukirudia hapa? (Arusha)

Uji wa maharage mapana, na mboga chungu. Wenyewe wanaita fave e cicoria. Ni chakula cha siku ya kazi, hakina sifa, hakuna mgeni aliyewahi kupikiwa. Maharage makavu yaliyomenywa unayachemsha na kiazi kimoja mpaka yavunjike yenyewe, unayapondaponda na mafuta ya zeituni yawe kama uji mzito. Pembeni unaweka mboga ya mwituni iliyo chungu, imechemshwa tu. Unachukua kidogo huku, kidogo kule.

Mboga nimeipata: mnavu. Tena mnavu uliokomaa, usiumwagie maziwa kama wengine wafanyavyo, uache uchungu wake. Maharage ndiyo yananishinda. Nimejaribu njegere kavu, nimejaribu baazi, nimejaribu fiwi. Baazi zilikaribia. Nikipata haya mapana dukani yamekuja na maganda, nakaa nayamenya moja moja mbele ya redio, na hapo chakula cha maskini kinakuwa kazi ya siku mbili. Wajukuu wanakula wakiuliza kama kuna chipsi.

Baada ya kula, Nonna alileta mezani shamari mbichi, yale mashina yake meupe, yamekatwa robo na kutiwa maji baridi. Watu wanatafuna taratibu kama sisi tunavyotafuna tambuu, mazungumzo yakiendelea. Mama alikuwa anatia yake mfukoni, akale nyumbani.

SWALI: Hiyo sufuria ya uzi mwekundu bado unayo? Kama unayo na huitumii, unauza? Nakusanya vyombo vya zamani. (Kilifi)

Ninayo. Mkono mmoja umeng'oka na chini imebonyea. Uzi nimebadilisha mara nne tangu 1978. Jana imepikia kunde. Haiuzwi.